Madaraja ya reli ya kale: Urithi wa taifa au vyuma vikuukuu?

TANGU garimoshi la Madaraka Express lizinduliwe mwishoni mwa Mei 2017, mjadala kuhusu reli nchini Kenya umekuwa ukizunguka mambo mawili: deni na nauli. Reli kongwe, ile ya upana wa mita moja iliyoanza kujengwa Mombasa mnamo 1896, hutajwa kwa nadra. Inapotajwa, aghalabu ni kwa sababu tuta lake limesombwa na mafuriko, njia yake imevamiwa na vibanda, au mataruma yake yameng'olewa na wezi wa vyuma.

Katika reli hiyo mna kitu ambacho hata wanaoishi karibu nacho huenda hawakizingatii: madaraja ya chuma. Yako mafupi yavukayo vijito, na yako marefu yaliyojengwa juu ya miguu myembamba ya chuma katika mabonde ya Mau, pale njia inapoteremka kuelekea Kisumu. Ni matunda ya ufundi uliokomaa Uingereza katika enzi ya Malkia Victoria, aliyetawala kuanzia 1837 hadi alipofariki Januari 1901, mwaka uo huo reli ilipofika ziwani.

Je, madaraja haya ni urithi wa kutunzwa, au ni shehena ya vyuma vikuukuu inayosubiri lori? Msimamo wa makala haya ni kwamba ni urithi, ila ni urithi wa aina ya pekee. Daraja la chuma haliuawi na umri, huuawa na upuuzaji. Tena likipuuzwa, haliangamii peke yake.

Ili kuelewa thamani ya daraja la aina hii, sharti tuanze na chuma chenyewe. Wahandisi wa karne ya 19 walikuwa na aina tatu mkononi. Ya kwanza ni chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Chuma hicho hustahimili sana kukandamizwa, lakini kikivutwa hukatika ghafla kama kigae. Ya pili ni chuma cha kufua, kilichopigwa na kukandwa kingali moto hadi kikawa na nyuzinyuzi ndani yake mithili ya mbao. Hicho hupinda na kunyooka kabla ya kukatika, hivyo humpa mkaguzi fursa ya kuona dalili. Ya tatu ni feleji, au chuma cha pua, ambayo ilianza kupatikana kwa wingi na kwa bei nafuu baada ya Henry Bessemer kuvumbua njia yake ya kuiunda mnamo 1856. Serikali ya Uingereza haikuruhusu feleji itumiwe katika madaraja ya reli hadi 1877.

Tofauti hizo si za darasani tu. Mnamo Mei 24, 1847, boriti la chuma cha kusubu lilikatika katika daraja la mto Dee mjini Chester garimoshi likipita, na watu watano wakafa. Mbunifu wa daraja hilo alikuwa Robert Stephenson, mmoja wa wahandisi walioheshimika zaidi duniani wakati huo. Kuanzia hapo wahandisi walizidi kukiogopa chuma cha kusubu katika sehemu zinazovutwa, wakageukia chuma cha kufua, na hatimaye feleji.

Usanifu wa madaraja hayo hauna siri. Jengo la mawe huficha nguvu zake ndani ya ukuta, ilhali daraja la chuma huziweka zote hadharani. Mhimili wa juu hukandamizwa, wa chini huvutwa, na vyuma vya mshazari vilivyo kati yao huhamisha uzito kutoka upande mmoja hadi mwingine mpaka uifikie nguzo. Miguu hupanuliwa chini, kama mtu anayetanua miguu ili asisukumwe na upepo, kisha hufungwa kwa vyuma vya kukingamana. Ncha moja ya mhimili hukazwa kwenye nguzo na nyingine huachwa iteleze kidogo, kwa kuwa chuma hurefuka jua linapowaka na kufupika usiku unapoingia. Vipande vyote hushikanishwa kwa ribiti, misumari minene iliyotiwa ikiwa myekundu kwa moto na kugongwa vichwa pande zote mbili.

Kwa sababu kila kipande kina kazi yake, hakuna kipande cha ziada. Hilo ndilo linaloufanya usanifu huu uwe mzuri, na ndilo linaloufanya uwe na hatari. Anayeng'oa nati moja hapunguzi pambo, anapunguza nguvu. Ushahidi mkuu wa jambo hili ni maafa yaliyotokea Uskoti miaka 17 kabla ya taruma la kwanza kulazwa Mombasa.

Mnamo Juni 1878 daraja la reli lilifunguliwa juu ya mto Tay, karibu na mji wa Dundee. Lilikuwa na mapengo 85 kati ya nguzo zake na urefu wa zaidi ya kilomita tatu, na halikuwa na mfano duniani kwa urefu. Malkia Victoria mwenyewe alilivuka mnamo 1879, na mbunifu wake, Thomas Bouch, akatunukiwa cheo cha Sir. Usiku wa Desemba 28, 1879, katikati ya dhoruba, mapengo 13 ya sehemu ya juu yalianguka mtoni pamoja na garimoshi lililokuwa likipita. Hakuna aliyenusurika. Kwa miaka mingi idadi ya waliokufa ilikadiriwa kuwa takriban 75. Utafiti wa baadaye umethibitisha majina ya 59.

Yaliyofichuliwa na tume ya uchunguzi mnamo 1880 yanastahili kusomwa na kila anayekabidhiwa mali ya umma. Bouch hakuwa ameupigia hesabu upepo kama ilivyostahili. Katika kalibu zilizotengeneza nguzo za chuma cha kusubu, mafundi walikuwa wakiziba matundu kwa mchanganyiko wa nta na unga wa chuma, kisha wakaupaka rangi ili kasoro isionekane. Na baada ya daraja kuanza kutumika, kazi ya kulikagua ilipewa Henry Noble, mtu mwenye ujuzi wa kazi ya matofali, si wa chuma. Noble alisikia vyuma vya kukingamana vikigongana na kutoa mlio vilipokuwa vimelegea. Akatafuta vipande vya chuma, akavishindilia katika nafasi hizo, wala hakumwarifu Bouch. Mwenyekiti wa tume, Henry Rothery, alihitimisha kwamba daraja lilibuniwa vibaya, likajengwa vibaya na likatunzwa vibaya.

Tujihadhari na hilo la tatu. Mara nyingi hadithi ya Tay husimuliwa kama kisa cha mbunifu mmoja aliyekosea. Lakini Noble hakuwa mvivu. Alifanya alichokiweza kwa ujuzi aliokuwa nao. Kosa lilikuwa la waliodhani kwamba daraja likishafunguliwa, kilichobaki ni kulitazama tu.

Bouch alifariki mwaka huo huo wa 1880. Daraja jipya la Tay lilifunguliwa mnamo 1887, likatumia baadhi ya mihimili iliyonusurika ya lile la kwanza, na visiki vya nguzo za zamani vingali vikionekana majini kando yake. Mradi mwingine wa Bouch, wa kuvuka mlango wa mto Forth, ulichukuliwa na John Fowler na Benjamin Baker. Sheria mpya iliwataka wahesabu upepo wenye nguvu ya ratili 56 kwa kila futi mraba. Wao wakajenga kwa feleji, zaidi ya tani 50,000, na ribiti zipatazo milioni 6.5. Daraja la Forth lilifunguliwa mnamo Machi 4, 1890. Msanii na mwandishi William Morris aliliona kuwa kilele cha ubaya wa sura. Mnamo 2015, shirika la UNESCO liliorodhesha daraja hilo miongoni mwa turathi za dunia. Kati ya hukumu hizo mbili hakuna kilichobadilika katika daraja lenyewe ila rangi. Kilichobadilika ni macho ya watazamaji.

Hayo ndiyo mafunzo yaliyokuwa mezani wakati Uingereza ilipoamua kujenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria. Mhandisi mshauri wa mradi huo, Sir Alexander Rendel, alikuwa amebobea katika reli na madaraja ya India. Upana wa mita moja ulichukuliwa kutoka huko, na vibarua pia. Takwimu rasmi zinaonyesha kwamba wafanyakazi 31,983 waliletwa kutoka India. Kati yao 2,498 walifia kazini na 6,724 wakabaki Afrika Mashariki baada ya mikataba yao kwisha. Kadhalika maelfu ya Waafrika walichimba, wakabeba na kufyeka, japo madaftari ya wakati huo hayakuwahesabu kwa uangalifu uo huo.

Daraja la kwanza lilikuwa la mbao. Lilikiunganisha kisiwa cha Mombasa na bara hapo Makupa, likaitwa Salisbury kwa heshima ya waziri mkuu wa Uingereza. Daraja lililopata umaarufu ni la mto Tsavo. Mhandisi John Henry Patterson aliwasili huko mnamo Machi 1898 kulijenga. Muda si muda simba wawili wakaanza kuwatoa vibarua katika mahema yao. Kazi ilikwama kwa majuma kadhaa hadi Patterson alipowaua wote wawili mnamo Desemba mwaka huo. Mnamo Februari 1899 daraja lilikamilika.

Patterson alidai baadaye kwamba simba hao waliwaua watu 135. Utafiti wa kisayansi uliochapishwa mnamo 2009, uliotegemea uchunguzi wa mifupa na manyoya yao, ulikadiria kuwa walikula takriban 35. Ngozi zao ziliuzwa kwa jumba la makumbusho la Field huko Chicago mnamo 1924 kwa dola 5,000, na wangali wakitazamwa ndani ya vioo. Filamu kuhusu kisa hicho, iliyotoka mnamo 1996, ilipigiwa Afrika Kusini. Hivyo basi, dunia inawajua simba wa Tsavo, lakini daraja lililowaleta watu mbele ya simba hutajwa kwa kupita tu. Waliolijenga, yaani waashi waliochonga mawe ya nguzo na mafundi waliolaza mihimili juu yake, hawatajwi kabisa.

Kazi kubwa zaidi ya chuma ilifanywa upande wa magharibi. Baada ya kupanda kutoka Nakuru hadi zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari huko Mau Summit, reli ililazimika kushuka hadi ufuo wa ziwa, ulio takriban mita 1,130. Mteremko huo umekatwakatwa na mabonde. Kuyajaza mabonde yote kwa udongo kungechukua miaka, kwa hiyo iliamuliwa kujenga madaraja marefu 27 ya feleji yenye miguu mirefu. Zabuni hiyo haikwenda kwa Waingereza. Ilikwenda kwa kampuni ya American Bridge ya Marekani, iliyokuwa imeundwa mwaka wa 1900 kwa kuunganisha makampuni zaidi ya 20, kwa kuwa iliahidi kukamilisha upesi na kwa bei nafuu. Uamuzi huo ulizua malalamiko London. Vipande vilitengenezwa Marekani, vikatiwa alama, vikasafirishwa kwa meli hadi Mombasa, kisha vikapelekwa kwa reli yenyewe hadi bondeni na kuunganishwa na vibarua Wahindi chini ya usimamizi wa Wamarekani wachache.

Kwa maneno mengine, madaraja ya Mau yalikuwa bidhaa za kiwandani zilizokuja na maelekezo ya kuunganishia. Yanaonyesha wakati ambapo Uingereza, mama wa reli duniani, ilianza kupitwa na Marekani katika ufundi wake wenyewe. Ushahidi wa mabadiliko hayo ya dunia umo katika mabonde ya Kenya, na haumo katika vitabu vingi vya historia vya shule zetu.

Yumo pia katika historia hiyo mtu aliyekipinga chuma hicho. Wanandi, waliopigana na Waingereza kwa takriban miaka kumi hadi kuuawa kwa Koitalel arap Samoei mnamo Oktoba 1905, walikuwa wakichukua nyaya za simu za upepo kwa ajili ya mapambo na bolti za reli kwa ajili ya wahunzi wao. Hata kamishna wa Kiingereza wa wakati huo, Sir Charles Eliot, alikiri kwamba kishawishi kilikuwa kikubwa kwa watu ambao vitu hivyo vilikuwa na thamani kwao. Kwa Wanandi reli ilikuwa silaha ya mvamizi iliyopita katika ardhi yao bila idhini, na kuing'oa ilikuwa sehemu ya vita.

Nataja hili kwa sababu wapo wanaouliza: kwa nini Kenya huru ihifadhi madaraja ya mkoloni? Swali hilo ni halali, na jibu lake halipo katika kumsifu mkoloni. Daraja la Mau lina jasho la Mhindi aliyelijenga, chuma cha Mmarekani aliyelibuni, fedha za mlipa kodi wa Kiingereza, na ardhi ya Mkipsigis na Mnandi aliyepokonywa. Kulihifadhi si kusema lilijengwa kwa nia njema. Ni kukataa shahidi auawe kabla ya kesi kusikizwa. Ngome ya Yesu ilijengwa na Wareno waliotutawala kwa mtutu, nasi tukaifurahia ilipoingia katika orodha ya UNESCO mnamo 2011.

Zaidi ya hayo, reli hiyo ilikoma zamani kuwa ya mkoloni peke yake. Nairobi yenyewe ilizaliwa pale reli ilipofika mnamo Mei 1899. Chai, kahawa, mahindi na sukari zilipita juu ya madaraja hayo kwa zaidi ya nusu karne baada ya bendera ya Uingereza kuteremshwa.

Tunakoishia leo si pazuri. Mnamo Novemba 2006 reli ilikabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways, kwa matumaini kwamba mwekezaji wa kibinafsi angeifufua. Mkataba huo ulivunjwa mnamo 2017. Katika ghasia za baada ya uchaguzi, Januari 2008, vijana waling'oa reli katika mtaa wa Kibera, na bidhaa za Uganda zikakwama. Wizi wa vyuma haukukoma. Mnamo Januari 2022, baada ya milingoti ya umeme kuanguka na kuiacha nchi nzima gizani, Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alipiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu. Marufuku hayo yaliondolewa Mei mwaka huo huo. Sheria ya biashara hiyo ilikuwapo tangu 2015. Kilichokosekana ni mtu wa kumuuliza mnunuzi taruma hilo limetoka wapi.

Si haki kusema kuwa hakuna kilichofanywa. Njia ya Nairobi hadi Nanyuki ilikarabatiwa mnamo 2020. Ile ya Nakuru hadi Kisumu nayo ilifanyiwa kazi, na Desemba 2021 abiria wakarejea Kisumu kwa garimoshi kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Hatua hizo zilithibitisha kwamba miundo ya zaidi ya karne moja inaweza kuhudumu tena ikipewa mafundi na rangi.

Kinyume chake tulikishuhudia Aprili 29, 2024. Usiku huo maji yaliporomoka karibu na Mai Mahiu na kusomba nyumba watu wakiwa usingizini, wakafa makumi. Awali ilidhaniwa kuwa bwawa lilipasuka. Wizara ya Maji ikaeleza kwamba mto uliopaswa kupita chini ya tuta la reli kongwe, katika eneo la Old Kijabe, ulikuwa umezibwa na takataka, maji yakajikusanya nyuma ya tuta hadi likashindwa kuyazuia. Mfereji wa chini ya tuta si daraja la chuma, lakini ni ndugu yake: wote wawili walijengwa na watu waliotarajia kwamba atakuwapo mtu wa kuwatunza. Uamuzi wa kutokagua muundo wa kale hautoi sauti mpaka siku ya mvua kubwa. Hapo ndipo maneno ya tume ya 1880 kuhusu Tay yanapoacha kuwa historia ya Uskoti.

Wanaohofia gharama wana hoja. Hazina ya Kenya haiwezi kulipaka rangi kila daraja kutoka Mombasa hadi Malaba. Ila yapo mataifa yaliyokabiliwa na swali hilo hilo na kupata majibu ya bei tofauti.

Chukua mfano wa daraja la Bennerley, katika bonde la Erewash nchini Uingereza. Lilijengwa kati ya 1876 na 1877 kwa chuma cha kufua, kwa kuwa ardhi ya hapo ilikuwa imetobolewa na machimbo ya makaa na isingeweza kuhimili daraja zito la matofali. Lina urefu wa takriban mita 440. Garimoshi la mwisho lilipita mnamo 1968. Shirika la reli lilitaka kulibomoa, lakini chuma cha kufua hakikatiki kwa urahisi kwa moto wa gesi kama feleji, na gharama ya kulivunja ikaonekana kubwa kuliko faida. Likaachwa. Kwa miongo mingi lilibaki bila njia ya kulipanda, hadi wakazi wa eneo hilo walipoungana, wakachanga, wakaomba misaada na kushirikiana na shirika linalolimiliki. Mnamo Januari 2022 lilifunguliwa upya, safari hii kwa waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Hakuna garimoshi juu yake, lakini lina watu, na penye watu mwizi wa bolti hafanyi kazi kwa utulivu.

India nayo ilichagua kuendelea kulitumia. Reli ya milimani ya Darjeeling iliingia katika orodha ya UNESCO mnamo 1999, zikafuata za Nilgiri mnamo 2005 na Kalka–Shimla mnamo 2008. Ni reli nyembamba za mkoloni zinazopanda milima kwa mwendo wa kobe, na watalii hulipa ili wasafirishwe polepole. Huko Forth, ukarabati uliokamilika mnamo 2011 uliondoa rangi zote za zamani na kupaka mpya inayotarajiwa kudumu kwa zaidi ya miaka 20. Aidha, watafiti wa historia ya eneo hilo waliyatafuta majina ya wafanyakazi waliokufa katika ujenzi, wakapata 73, na kumbukumbu yao ikasimamishwa karibu na daraja. Sisi tuna 2,498, na hatuna hata ubao mmoja katika mabonde ya Mau wenye kuyataja majina machache tu.

Sheria tunayo. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali kwamba jengo au muundo wowote, bila kujali umri wake, ni mnara wa kitaifa kwa sababu ya historia, usanifu au teknolojia yake. Hata hivyo, sheria iyo hiyo inapofafanua vitu vya kale vinavyoweza kuhamishwa, huvihesabu vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Reli ilianza kujengwa mnamo 1896. Kwa tofauti ya mwaka mmoja, boriti likishang'olewa kutoka darajani hupoteza ngao ya kifungu hicho na kugeuka chuma cha kupimwa kwa kilo. Kwa hivyo ulinzi lazima ulikute daraja likiwa wima.

Hatua zinazohitajika si za miujiza. Kwanza, Shirika la Reli na Makavazi ya Kitaifa yashirikiane kuandaa daftari la madaraja yote ya reli kongwe: lilipo, lilijengwa lini, kwa chuma gani, na lina hali gani. Wanafunzi wa uhandisi katika vyuo vikuu vyetu wanaweza kuifanya kazi hiyo kama sehemu ya mafunzo, na gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na kilomita moja ya reli mpya. Pili, madaraja machache yenye thamani ya pekee, yakiwemo baadhi ya yale 27, yatangazwe rasmi kuwa minara ya kitaifa.

Tatu, ukaguzi ufanywe kwa ratiba na watu wanaokijua chuma, na ripoti zao ziwafikie wenye uwezo wa kutia sahihi hundi. Ukaguzi huo ujumuishe mifereji iliyo chini ya matuta, hasa kabla ya mvua za masika. Nne, daraja likilazimika kuondolewa, sehemu zake za maana zipelekwe katika Makavazi ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mnamo 1971 na ambako behewa alimotolewa mkuu wa polisi Charles Ryall na simba huko Kima mnamo 1900 limehifadhiwa hadi leo. Tano, kaunti za Nakuru, Kericho na Kisumu zitafute namna ya kuyapa madaraja hayo watumiaji, iwe ni kwa garimoshi la watalii au kwa njia za miguu pale ambapo garimoshi halipiti tena.

Kati ya hatua hizo, ya kwanza haiwezi kusubiri. Mlinzi hawezi kujua kilichoibwa ikiwa hakuna aliyehesabu kilichokuwapo, na mahakama haiwezi kumtia hatiani mwenye lori ikiwa hakuna karatasi inayosema boriti lile ni la daraja gani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Kwa daraja la chuma ufa wenyewe ni nati iliyolegea, na gharama ya kuikaza ni spana na mshahara wa siku moja wa fundi anayeijua kazi yake.